Viwanja Vimepimwa

Paukwa!

Pakawa!

Hii si ya hapo zamani za kale, maana mwaka wake unajulikana na nchi yake ina jina. Ni Chile, kwenye ukingo wa kusini wa jangwa la Atacama, mwendo wa kilomita kama 600 kaskazini mwa Santiago. Pale upo mlima mkavu wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Watu walilitazama umbo lake wakauita La Silla, yaani Tandiko. Punda wa mlima huo hadi leo hawajalisamehe jina hilo.

Kileleni binadamu wamejipangia darubini zao tangu miaka ya 1960, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu, usiku wake ni giza tupu na mawingu ni wageni wa nadra. Chini mabondeni kuna kijiji ambacho hakimo katika ramani yoyote: punda, guanako, mbuzi, viskacha wenye masikio ya sungura na mkia wa kindi, kasuku wa majabalini, mbweha, na kondori anayeshuka tu panapokuwa na mzoga au uchaguzi. Kijiji kina chemchemi moja. Maji yake ni ya kuhesabu, kwa hiyo tangu enzi za mababu hunywewa kwa zamu, na zamu ni mali: hurithiwa, hukopeshwa, hutolewa mahari. Mwenyekiti ni Mzee Punda, aliyechaguliwa kwa wingi wa sauti. Sauti zote zilikuwa zake.

Bundi yeye alikaa shimoni, kama walivyo bundi wa upande ule, karibu na banda la darubini lililo dogo kupita mengi. Darubini hiyo inaitwa TRAPPIST. Ina kioo cha sentimita 60 tu, na hapohapo mlimani ana jirani mwenye kioo cha mita 3.6. Tena haina mlinzi wala mwendeshaji wa kukaa nayo. Wenyewe wako Liège, Ubelgiji, wanaiamrisha kwa intaneti. Jioni banda hujifungua lenyewe, hugeuka huku na huku, hukodoa jicho usiku kucha, na alfajiri hujifunga. Wanakijiji waliliita Banda la Mashetani na hawakuruhusu watoto kulikaribia. Bundi, ambaye naye hukesha akitazama bila kusema neno, aliona amepata mwenzake.

Kuanzia Septemba 2015 aligundua kwamba banda linarudia nyota moja ileile, usiku baada ya usiku, hadi Desemba. Mei mwaka uliofuata Michaël Gillon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liège wakatangaza walichokipata. Bundi naye akaona wajibu wake ni kukifikishia kijiji habari hiyo.

“Kuna nyota,” alisema mkutanoni, “katika kundi la Ndoo, umbali wa miaka ya nuru kama 40. Inazungukwa na sayari tatu zenye ukubwa wa karibu na Dunia.”

“Nionyeshe,” akasema Mzee Punda.

“Haionekani, Mzee.”

“Unatuletea habari za nyota isiyoonekana?”

“Haionekani kwa macho matupu. Ni kibete chekundu, na katika jamii hiyo hakuna hata mmoja anayeonekana bila darubini, ingawa ndio wengi: katika kila nyota nne za jirani zetu, kama tatu ni vibete vyekundu. Hii ina uzito wa asilimia tisa tu ya Jua, na kwa upana haimzidi sana Mshtarii.”

Kikao kikaguna. Bundi, ambaye hajui kuhutubia lakini anajua kuonyesha, akawaongoza hadi ukingoni mwa bonde. Ng'ambo, chini ya jabali, wachungaji walikuwa wameacha kaa moja la moto likiwaka kwa unyonge. Akamwagiza mbawakawa mmoja apite mbele ya lile kaa, polepole, kisha arudi nyuma yake, kisha apite tena.

“Nani amemwona mbawakawa?”

Hakuna.

“Nani ameona kaa likififia?”

Walinyamaza. Mwishowe Bibi Viskacha, mzee kuliko wote na mwenye macho ya kumkera kila mtu, akasema, “Limekonyeza. Mara mbili.”

“Basi, Bibi, hiyo ndiyo elimu yangu yote. Mbawakawa sijamwona. Nimeona mwanga ukipungua, upungufu wa chini ya asilimia moja, kisha ukarejea, kisha ukapungua tena baada ya muda uleule. Muda ule unanipa umbali wake na kaa. Upungufu ule unanipa ukubwa wake. Rangi ya mgongo wake siijui. Kama anapumua, sijui.”

Hakupigiwa makofi. Asemaye “sijui” mara mbili kwenye mkutano wa hadhara hapigiwi makofi kokote. Wanyama walianza kutawanyika, na habari ingekufa palepale kama Mbweha asingebaki nyuma. Mbweha alikuwa dalali. Alikuwa hajawahi kumiliki zamu ya maji hata moja katika maisha yake, ila kila zamu iliyouzwa kijijini ilipita mkononi mwake ikaacha kitu.

“Mwalimu,” alisema kwa upole, “huko kuna hewa?”

“Hatujaiona.”

“Lakini hamjaona kwamba haipo.”

“Hilo nalo hatujaliona.”

“Na maji?”

“Yakiwapo, na ikiwapo hewa ya kuyakandamiza, basi kwa umbali fulani kutoka kwenye nyota yanaweza kuwa majimaji badala ya barafu au mvuke. Umbali huo tunauita ukanda wa kukalika. Ni hesabu ya umbali tu, ndugu yangu.”

“Ukanda wa kukalika,” alirudia Mbweha, na akaondoka na maneno hayo matatu. Mengine yote aliyaacha pale kwa Bundi.

Februari 2017 ikaja habari kubwa zaidi. Darubini ya angani ya Spitzer ilikuwa imeitazama nyota ile kwa karibu wiki tatu mfululizo, na zile sayari tatu zikageuka kuwa saba. Saba! Binadamu walizipa herufi, kuanzia b hadi h, a ikiachiwa nyota yenyewe. Zote saba zimebanana hata zingetosha ndani ya mzingo wa Utaridi na nafasi ikabaki. Ya ndani kabisa humaliza mwaka wake kwa siku moja na nusu; ya nje kabisa kwa siku 19 kasoro kidogo. Tatu kati yake, e, f na g, ziliwekwa kwenye ule ukanda.

Hapa nisimame kidogo, maana ni rahisi kumtwika Mbweha kila kitu. Habari ile ilipotoka kwa binadamu, ilitoka na picha: bahari zenye mawimbi, barafu inayong'aa, jua jekundu linalozama. Hakuna darubini iliyopiga picha zile. Zilichorwa na wachoraji hodari, na maelezo kwamba ni michoro yaliandikwa, ndiyo, kwa herufi ambazo punda hawezi kuzisoma akiwa amesimama. NASA ilitoa hata bango la utalii la sayari e, la mzaha, lenye sayari nyingine zimetanda angani. Bango moja lilipeperushwa na upepo wa Atacama likatua mbele ya shimo la Mbweha. Mimi nasema mzaha wa wenye elimu unapofika bondeni hufika bila kicheko.

Kesho yake Kasuku akaamka na kazi. Kasuku ndiye mwanahabari wa kijiji. Sifa yake ni kwamba anachoambiwa anakirudia, na anayemwambia mwisho ndiye anayesikika. Akaruka jabali hadi jabali: “Viwanja! Viwanja! Sayari saba, ukanda wa kukalika! Viwanja vimepimwa!”

Hilo la kupimwa ndilo lililowaangusha wengi. Na ukweli ni kwamba zilikuwa zimepimwa. Upana wa e ni asilimia 92 ya upana wa Dunia, uzito wake kama asilimia 69, na joto linaloifikia kutoka kwenye nyota yake ni kama theluthi mbili ya tunalolipata sisi kutoka kwenye Jua. Mbweha hakudanganya katika tarakimu hata moja. Alikuwa amezikariri zote, na alizitaja kwa sauti ya mtu aliyeshika kamba ya kupimia.

“Bei ni zamu za maji,” alitangaza. “Sayari e, zamu tatu kwa kiwanja. F na g, zamu mbili. D, zamu moja, kwa ndugu zetu wanaopenda joto. B na c ni ofa, ukinunua kimoja unapata kingine. H ni ya baridi, tumewatengea waheshimiwa wanaoishi vileleni.”

Kondori akashuka siku hiyohiyo.

“Na nyota yenyewe iko wapi?” aliuliza Mzee Punda, kwa mazoea.

Mbweha hakusita. Alinyoosha mkia kuelekea nukta nyekundu iliyokuwa ikielea juu ya machweo. “Ile pale, Mzee.” Ilikuwa Mirihi. Bundi alifungua mdomo, lakini Kasuku alishaanza kushangilia.

Maswali yalikuwapo, isije ikadhaniwa kwamba kijiji kizima ni cha wajinga. Mzee Punda mwenyewe alikuwa na swali la msingi. Aliposikia mwaka wa sayari e ni siku sita na kidogo, alipiga hesabu ya posho yake, ambayo hulipwa kila mwaka, akatabasamu hadi magego yakaonekana. Kisha akapiga hesabu ya uchaguzi, ambao ni kila baada ya miaka mitano, akagundua ni siku thelathini tu. Tabasamu likaisha. Akaagiza iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba posho itahesabiwa kwa miaka ya kule na uongozi kwa miaka ya huku. Kwa masharti hayo akaubariki mradi.

Bibi Viskacha yeye alimgeukia Bundi.

“Mwanangu, huo ukanda wa kukalika, Jua letu nalo linao?”

“Linao, Bibi.”

“Sisi tuko ndani?”

“Tuko ndani.”

“Na Mwezi?”

“Mwezi uko pamoja nasi. Umo humohumo ndani.”

“Anaishi nani huko?”

Bundi hakujibu. Mbweha alijibu: “Bibi, wewe hutaki maendeleo.” Wakacheka wote, na yule kizee akaenda zake akichechemea.

Mama Mbuzi alikuwa mjane mwenye watoto watatu na zamu nne. Alikwenda shimoni kwa Mbweha jioni, watoto wakimfuata kwa mstari, akanunua kiwanja cha e kwa zamu tatu. Risiti yake nilielezwa vizuri: gamba la kaktasi lililokaushwa, herufi ya sayari imekwaruzwa kwa ukucha, namba ya kiwanja 114, na chini kabisa muhuri wa unyayo wa Mbweha uliochovywa kwenye tope. Tope lenyewe lilitoka chemchemini. Aliliweka gamba lile mdomoni kwa uangalifu lisivunjike, kisha akalitoa tena kwa sababu alikuwa amesahau kuuliza.

“Baba, watoto watapumua nini huko?”

“Mama yangu,” alisema Mbweha, “hewa ipo katika awamu ya pili ya mradi.”

Mgogoro wa kwanza ulizuka kabla mwezi haujaandama. Bundi, ambaye kila alipoulizwa alisema kweli na kila aliposema kweli alizidisha matatizo, alikuwa ameeleza kwamba sayari zilizo karibu namna ile na nyota yake hushikwa na mvuto hadi zikaielekezea nyota uso mmoja tu, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja siku zote. Huenda upande mmoja wa sayari e ni mchana usiokwisha na upande wa pili ni usiku usiokucha. Katikati unapita mstari wa machweo ya kudumu, na huko ndiko ambako, ikiwa kuna hewa ya kusambaza joto, kunaweza kuwa na nafuu. Ukisimama hapo ungeiona ile nyota imekaa kwenye upeo wa macho bila kuzama, upana wake mara nne hivi ya Jua letu, mwanga wake hafifu, na sayari jirani zikipita juu, nyingine kubwa kuliko tuonavyo Mwezi.

Basi kila mtu akataka kiwanja cha machweo. Mbweha alikuwa amekiuza kwa Guanako. Alikuwa amekiuza pia kwa Kondori. Wawili hao walikutana chemchemini wakiwa na magamba mawili yenye namba moja, na siku hiyo maji hayakunyweka. Guanako alimtemea Kondori mate. Kondori akatishia kuleta mawakili kutoka Andes. Ukoo wa guanako ukaweka mawe bondeni kuonyesha mpaka unapopita kule angani, ukoo wa kondori ukayaondoa usiku, na ndama mmoja wa guanako akavunjika mguu akiyalinda. Ardhi iliyogombewa iko umbali wa kilomita trilioni 385.

Miaka ikapita hivyo. Bundi hakuacha kutazama, na alichokijua kilizidi kumkosesha raha. Vibete vyekundu vina hasira. Hurusha milipuko ya mionzi, na Proxima Centauri, kibete kilicho karibu nasi kuliko nyota zote baada ya Jua, mwaka 2016 kilionekana kikilipuka kwa nguvu kiasi kwamba kwa dakika chache mtu mwenye macho makali angeweza kukiona bila darubini; na kina sayari yake kwenye ukanda, iliyotangazwa mwaka huohuo. Tena vibete hivi vikiwa vichanga huwaka kwa ukali kwa muda mrefu kabla ya kutulia, na sayari iliyo karibu inaweza kuchemshiwa bahari zake zote zikapotea kabla ukanda wa kukalika haujaifikia. Hayo ni upande mmoja. Upande wa pili, nyota hizi hutumia kuni zake kwa ubahili usio na mfano: Jua litaishiwa baada ya miaka bilioni tano hivi, ilhali kibete kama kile kinaweza kuwaka kwa matrilioni ya miaka. Uhai ukipata pa kushika huko, muda unao. Bundi alilieleza lote, pande zote mbili. Mbweha akachukua upande wa pili akauongeza kwenye tangazo: “Hati ya miaka trilioni!”

Desemba 25, 2021, darubini ya James Webb ikarushwa kutoka Kourou, kule Guyana ya Ufaransa. Kijiji kikasubiri. Machi 2023 majibu ya sayari b yakafika: upande wake wa mchana una joto la nyuzi kama 230 za sentigredi, na hakuna dalili ya angahewa la maana. Huenda ni mwamba mtupu. Miezi mitatu baadaye ikafuata c: zaidi ya nyuzi 100, na angahewa zito la kaboni dioksidi, kama lile la Zuhura, halipo.

“B na c zilikuwa za ofa,” alisema Mbweha. “Kitu cha ofa hakirudishwi.”

Mwaka 2025 ikawa zamu ya d: hakuna dalili ya angahewa linalofanana na la Dunia. Wenye d walikuwa wachache na maskini, hawakusikika. Septemba mwaka huohuo kijiji kizima kikakusanyika mbele ya shimo la Bundi kwa ajili ya e.

“Wameitazama ikipita mbele ya nyota mara nne,” alisema Bundi. “Nyota yenyewe ina madoa, na madoa yake yanachafua mwanga, kwa hiyo kazi ni ngumu. Angahewa jepesi la hidrojeni, lile ambalo sayari huzaliwa nalo, linaonekana halipo. Angahewa la aina nyingine linaweza kuwapo. Au isiwepo hewa kabisa. Wanaendelea kutazama.”

“Kwa hiyo ipo!” akapiga kelele Kasuku.

“Kwa hiyo haipo!” akajibu Mama Mbuzi, na ndiye aliyekwenda moja kwa moja kwa Mzee Punda kufungua kesi. Alikuwa amebakiwa na zamu moja, watoto wakiwa wamekua, na kila jioni walinunua maji kutoka kwa Mbweha, ambaye kufikia hapo alikuwa na zamu ishirini na tisa katika thelathini za kijiji.

Baraza la Ardhi lilikaa chini ya jabali. Mwenyekiti, Mzee Punda. Wazee wa baraza, Beberu mkwe wa Kondori, na Kasuku, ambaye pia aliripoti kesi.

Bundi aliapishwa kwanza. Alisema yeye hakuuza kitu, na kwamba aliwahi kuonya. Alitoa mfano wa Gliese 581, kibete chekundu kilicho miaka ya nuru 20 hivi kutoka hapa. Mwaka 2010 ilitangazwa kwa shangwe kwamba sayari moja ya hapo, g, imekaa katikati kabisa ya ukanda wa kukalika, na mmoja wa watangazaji alisema haoni shaka kwamba ina uhai. Mwaka 2014 watafiti wengine walionyesha kwamba ile sayari haikuwepo. Kilichodhaniwa kuwa sayari ni mchezo wa nyota yenyewe inapojizungusha na madoa yake.

“Haikuwa na hewa?” aliuliza Beberu.

“Haikuwepo, Mzee.”

“Lakini ilikuwa kwenye ukanda?”

Bundi aliomba maji. Mbweha akamuuzia.

Bibi Viskacha akasimama na hoja ya sheria. Alisema binadamu wana mkataba wa mwaka 1967 unaokataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu, Mwezi na sayari. Baraza zima lilitulia, maana hakuna aliyejua kwamba yule kizee anafuatilia mambo ya aina hiyo.

Mbweha akainama kwa heshima. “Shikamoo Bibi. Mkataba huo naujua. Unakataza mataifa. Mimi ni mbweha.” Akaongeza kwamba Marekani yupo mtu aliyeanza kuuza viwanja vya Mwezi mwaka 1980 kwa hoja hiyohiyo na akapata wateja wengi, na kwamba yeye amefanya uungwana zaidi, kwa kuwa Mwezi kila mtu anaona kuwa ni mkavu.

Zamu ya utetezi ilipofika alizungumza kwa ufupi. Je, kuna tarakimu aliyoidanganya? Hakuna. Je, alisema hewa ipo? Alisema ipo awamu ya pili. Je, kuna shahidi mwenye elimu, akiwemo Mwalimu Bundi, anayeweza kuapa kwamba sayari e haina hewa?

“Siwezi kuapa hivyo,” alisema Bundi. “Wala siwezi kuapa kwamba inayo.”

“Asante, Mwalimu,” alisema Mbweha, kwa shukrani ya kweli.

Mzee Punda alifikiri kwa muda mrefu, au alisinzia. Masikio yake hayaonyeshi tofauti. Kisha akatoa uamuzi. Alisema katika mashauri ya ardhi baraza makini halihukumu kwa maneno ya mezani. Sharti kwanza wajumbe watembelee eneo la mgogoro, waone mipaka, wapime, wapumue. Mpaka hapo hali ibaki kama ilivyo. Gharama za safari zitachangwa na mlalamikaji.

Beberu aliuliza safari itachukua muda gani. Bundi akaitwa tena. Alieleza kwamba Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, ndicho chombo cha binadamu kilichofika mbali kuliko vyote, nayo inakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kufika kwenye nyota ile ni zaidi ya miaka 700,000, kwenda tu.

Mbweha alisema tarehe hiyo haina pingamizi kwa upande wake.

Kesi imeahirishwa. Zamu za maji, mpaka baraza litakaporudi kutoka safarini, zinabaki kwa Mbweha.